Mwanamke wa Geti la Bluu

Yule mwanamke asiye na kichwa alikuwa mimi. Nimelikana jambo hili kwa muda mrefu kiasi kwamba sasa ninapoliandika naona kama namsingizia mtu mwingine. Mwezi uliopita nililikana tena, mbele ya watu niliosoma nao chuo, tulipokutana Morogoro kula nyama choma na kudanganyana kwamba hakuna aliyenenepa. Mmoja wetu alikuwa ametunza kwenye simu picha za miaka ile ambayo mitandao ya kijamii ilikuwa bado mipya kwetu na kila mtu aliweka kila kitu humo, hadi sahani ya wali. Akafika kwenye picha moja: mwanamke amesimama mbele ya geti la bluu, amevaa dera la maua ya njano, mkono mmoja kiunoni, na kuanzia shingoni kwenda juu hakuna kitu. "Mnalikumbuka hili?" akauliza. "Lile duka la Korogwe la watu wasio na vichwa?" Watu wakacheka hadi wahudumu wakageuka. Mimi nilicheka kuwashinda wote, nikasema Korogwe ni kwetu na hata hivyo sikuwahi kujua yule alikuwa nani. Kisha nikaomba nisogezewe kachumbari.

Katika wasifu wangu wa kazi mwaka ule umeandikwa "utafiti binafsi kuhusu mawasiliano na biashara ndogo", na watu wazima wenye akili zao wameusoma mstari huo na kutikisa kichwa kwa heshima. Si uongo mtupu. Nilikaa mwaka mzima kwenye kigoda cha plastiki katika duka la madera na vitenge la shangazi yangu Mwantumu, nikitafiti kwa nini hakuna mtu anayeingia. Nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri ajira, na niliposhuka Korogwe na begi langu niliwaambia watu nimekuja kumsalimia shangazi kwa wiki mbili. Duka lilikuwa chumba cha mbele, chumba cha nyuma kilikuwa cha kulala, na kati yake palining'inia kitenge kilichokuwa mlango. Nyuma tulilala baina ya marobota ya nguo. Ukigeuka usingizini unakumbatia robota. Upande wa kulia palikuwa na saluni ya Salma, iliyotenganishwa nasi kwa ubao mwembamba wa plaiwudi, hata harufu ya dawa ya nywele ilihamia kwetu na kukaa kwenye nguo kama mpangaji. Upande wa kushoto palikuwa na ghala la Bwana Suresh, muuza vifaa vya ujenzi, lenye geti kubwa la chuma lililopakwa bluu. Shangazi alipenda kusema kwamba miaka ya nyuma hakuhitaji hata kusimama mlangoni. Abiria wa mabasi walishuka pale karibu, wakanunua zawadi za mama zao, wakapanda. Kisha stendi ikahamishwa, abiria wakahama nayo, na shangazi akabaki na nguo nzuri katika barabara ambayo watu waliipita kwenda kwingine.

Alinieleza msimamo wake siku za mwanzo kabisa, tukila mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi. "Mimi nasubiri mvua za vuli tu," alisema. "Zikinikuta bado nafukuza inzi humu ndani, nafunga. Narudi kijijini Kwaluguru, Handeni, kulima mahindi. Jembe halihitaji mteja." Alisema kwa sauti ya mtu anayezungumzia safari ya sokoni, lakini nilimwona anavyolipapasa dera lililokuwa magotini mwake, akinyoosha mkunjo ambao haukuwapo. Alilipenda lile duka. Alikuwa ameliacha shamba kwa ajili yake, na Kwaluguru palikuwa na ndugu waliokuwa wakisubiri kwa hamu arudi ili waseme walijua. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tutauza mtandaoni. Nilisema hivyo kama daktari anayemwambia mgonjwa kwamba dawa ipo. Shangazi akaniuliza huo mtandao una stendi.

Sasa ninapokumbuka ujasiri wangu wa mwaka ule, natamani ningekuwa na robo yake, na pia natamani mtu angeninyang'anya simu. Nilifungua ukurasa wa duka. Hatukuwa na sanamu la kuvalisha nguo, kwa hiyo sanamu nikawa mimi. Shangazi alipiga picha, mimi nikasimama mbele ya geti la Bwana Suresh kwa sababu ndilo lilikuwa kitu pekee chenye rangi ya maana mtaani, na kila picha nikaikata shingoni kabla ya kuiweka. Shangazi alipouliza kwa nini, nilimweleza kwamba ndiyo mtindo wa kisasa, mteja hatakiwi kuona sura, anatakiwa kujiona yeye mwenyewe ndani ya nguo. Maelezo mazuri. Ukweli ni kwamba wenzangu wa chuo walikuwa humohumo mtandaoni, mmoja tayari yuko benki, mwingine anapiga picha na mabosi katika semina, na mimi sikutaka waone kwamba shahada yangu imevaa dera inauza madera.

Chini ya picha niliandika maneno kama haya: "Vazi linaloakisi haiba ya mwanamke wa leo." Watu wakauliza bei. Nikawajibu "karibu inboksi", kwa sababu niliona maduka ya Dar yanafanya hivyo. Shangazi alikuwa akinisikiliza nikimsomea komenti, kichwa amekilaza upande. "Kwa hiyo mtu amekuja mlangoni, amekuuliza bei, wewe unamwambia zunguka nyuma ya nyumba nikunong'oneze?" Nilimwambia haelewi masoko. Lakini naye mapendekezo yake hayakuwa bora: alitaka kila picha iandikwe HATUKOPESHI kwa herufi kubwa, na alitaka tuweke picha ya marobota yaliyofungwa ili watu waone mzigo ni mwingi. Tukabishana wiki nzima. Mtu wa kwanza kuulizia kwa dhati, mwenye nia ya kununua na usafiri wake mwenyewe, alitokea Kwamndolwa na alitaka kujua geti ni bei gani. Nilimpeleka kwa Bwana Suresh. Siku iliyofuata Bwana Suresh alikuja dukani na soda mbili baridi. "Bi Mwantumu," alimwambia shangazi, "huyu mtoto anajua biashara. Mwambie asimame na upande wa mabati pia."

Laiki zilikuwa nyingi, nisije nikaonekana nilishindwa kila kitu. Wanafunzi walipenda picha, wanaume wasiojulikana walipenda picha kupita kiasi. Ila wanawake wa Korogwe na Handeni, wenye harusi na vikoba na shughuli za kila wiki, wale ambao dera kwao ni kama chumvi, walitazama wakapita. Miezi ikaenda. Nikawa najiambia kwamba soko linahitaji muda wa kukomaa. Shangazi akawa anatazama mawingu.

Siku iliyonifundisha nilikuwa saluni kwa Salma, nasukwa, kichwa kimevutwa nyuma na macho yanatoka machozi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo kutoka Handeni, aliyekuja Korogwe kwa shughuli zake na akaona asirudi bila kutengenezwa nywele. Salma alimwita Mama Sikudhani. Alikuwa anamwoza binti yake huyo Sikudhani, na kama mnavyojua harusi za kwetu, ndoa yenyewe ni ya bwana na bibi harusi lakini sare ni ya ukoo. Mama wakubwa na rangi yao, mama wadogo na rangi yao, mashangazi wasipopewa ya kwao hawaji au wanakuja na kununa. Mama Sikudhani alikuwa anatafuta sare ya upande mzima wa bibi harusi. Niliposikia hivyo nikakaa wima, Salma akanirudisha kichwa.

"Kuna hawa wa humu mtandaoni," alisema dada mmoja aliyekuwa chini ya draya, akipiga kelele kwa sababu mvumo wake ulimzuia kujisikia. "Wapo Korogwe hapahapa. Nguo zao nzuri sana. Ila mwenye nguo hana kichwa."

"Nimewaona," alisema Mama Sikudhani. "Wale wa geti. Mimi hao wananitia mashaka. Mtu unamkata kichwa, unataka nimsalimie nani?"

"Labda mke wa mtu, mume hajui."

"Labda ana kovu, maskini."

"Labda si mtu, ni lile sanamu."

"Sanamu gani lina tumbo vile!" alisema yule wa kwenye draya, na saluni nzima ikalipuka, na mimi nikacheka pia huku nikivuta tumbo ndani.

Mama Sikudhani hakucheka sana. "Hata hatujui amejifunika au kichwa wazi," alisema. "Mimi rangi yao ya zambarau niliipenda kweli. Lakini nitume hela kwa nani? Nikifika kwa mtu nasema hodi, nasalimia, naulizwa mimi wa nani, najibu, naye ananiambia yeye wa nani. Basi tunajuana, hata akinidhulumu najua nikamshtakie kwa mama yake. Hawa nikawashtakie kwa geti?"

Salma alikuwa anajua. Nusu ya mtaa ilikuwa inajua, walituona tukipiga hizo picha mchana kweupe. Akasimamisha kitana, akasema kwa uzuri kabisa, kama mtu anayekufungulia mlango, "Si mumuulize Zuhura? Duka lao hilo hapo, ukuta mmoja."

Mama Sikudhani akanigeukia, uso umeng'aa. "Kumbe! Mwanangu, yule ni wewe?"

Nimefikiria mara nyingi nini kilinipata. Yule dada wa draya alikuwa ameinua simu, ananipiga picha kwa utani, na nikaona picha hiyo ikisafiri: mimi, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama kama mkonge, na maneno chini yake. Nikaona benki, nikaona semina. "Hapana, mama," nilisema. "Sio mimi. Zile picha tunatumiwa tu kutoka Dar."

"Ahaa," alisema. Uso wake ukafunga taratibu, bila hasira. "Basi na nguo ziko Dar. Mimi harusi yangu iko karibu, siwezi kungoja vya Dar. Nina mtu Tanga mjini, simwamini sana lakini namjua." Akamgeukia Salma wakaongea habari za hina. Nje kulikuwa na ngurumo, ya mbali, upande wa milima.

Plaiwudi, nimesema, ilikuwa nyembamba. Jioni ile shangazi alipika ugali na mchunga. Mchunga ni mboga chungu hata inapopikwa kwa nazi na mpishi mwenye furaha, na siku ile hakukuwa na nazi wala furaha. Tulikula kwenye mkeka kati ya marobota. Alininawisha, akakata tonge, akatafuna, akameza, ndipo akasema, "Umeulizwa ukasema si wewe."

"Nilishtuka, shangazi."

"Ulishtushwa na nini? Hukukutwa na kuku wa mtu. Umekutwa na nguo." Akasogeza bakuli la mboga karibu yangu. "Mimi sikusoma, Zuhura, wala sisemi najua. Hayo ya bei na inboksi huenda mnajua wenyewe. Lakini mimi zile nguo nazivaa. Nikienda msibani nazivaa, nikienda harusini nazivaa, wanaona ni mimi Mwantumu nauza madera. Kama wewe unaona aibu, niambie, nitafute hata sanamu la kuazima." Hakupandisha sauti. Ningependelea apandishe. Asubuhi yake mvua ilinyesha, nyembamba, ya kuonjesha, na shangazi akateremsha kamba ya kwanza ya nguo na kuanza kuzikunja. Alikunja kama anayekunja sanda.

Nilikuwa na shahada, na nilikuwa na marafiki benki, lakini sikuwa na pa kwenda. Siku ile ndipo nilipolitambua hilo waziwazi. Pia nilitambua jambo lililoniudhi zaidi: kwamba nililipenda duka. Nilipenda kufungua robota jipya na kuona rangi zinavyotoka kama zinapumua. Nilipenda kubishana na mteja akiwa tayari ameshaamua kununua na sote tunajua. Niliupenda mtaa. Nilikuwa nimejifanya mpita njia mahali ambapo tayari nilikuwa na kigoda changu.

Nikaenda kwa Salma. Alikuwa kwenye grupu la simu la kina mama wa Handeni na Korogwe, moja la yale ambayo ukiingia asubuhi unakuta dua, picha za watoto, tangazo la msiba na mtu anayeuza samli, vyote pamoja. Nikamwomba anitumie ujumbe wa sauti humo, na picha moja, ile ya dera la zambarau, nzima. Salma akanitazama. "Nzima na kichwa?"

"Na kichwa."

"Haya, haraka kabla hujabadilika."

Nilirekodi chumba cha nyuma, nimejifunika kitenge ili kuzuia honi za bodaboda. Mara ya kwanza Bwana Suresh alikuwa anamgombeza mtu kuhusu misumari. Mara ya pili nilijikuta nasema "haiba". Mara ya tatu nilifumba macho, nikafikiri nimesimama kwenye uwanja wa nyumba ya mtu, nimevua viatu, na nikaongea. "Shikamooni mama zangu. Naitwa Zuhura, mtoto wa mzee Mhina, wa Kwaluguru. Nipo Korogwe kwa shangazi yangu Mwantumu, jirani na saluni ya Salma. Yule anayesimama kwenye geti la bluu ni mimi. Niliulizwa na mama mmoja nikasema si mimi, naomba anisamehe, niliona haya. Nguo hazitoki Dar, zipo hapa nimezikalia. Sare tunazo." Nikataja bei, moja kwa moja, na nafuu anayopata mwenye kuchukua nyingi, na mbingu haikuanguka. Salma akatuma. Tulipousikiliza baada ya kuutuma ndipo tukasikia kwamba mwishoni kabisa, nyuma ya kitenge, kuna sauti ya shangazi iliyojaa kama tarumbeta: "Waambie na za wanene zipo! Tena hazibani kwapa!"

Nilitaka kuzimia. Salma alicheka akakaa chini sakafuni kwenye nywele. Ujumbe ulikuwa umekwenda, na kwa namna ambayo picha zangu zote za kisomi hazikuwahi kwenda, huu ulitembea. Kabla ya adhuhuri ulikuwa kwenye magrupu ambayo Salma mwenyewe hakuwa mwanachama. Watu walikuja mlangoni kumtazama shangazi. Wengine walikuja kucheka tu. Mmoja aliniambia kichwa changu si kibaya hivyo. Dada wa draya alinunua dera, akaulizia kwapa. Lakini mteja wa moja moja haokoi duka, na shangazi alijua hilo kuliko mimi. Aliwahudumia, akatania, na kila walipotoka alirudi kukunja. Mvua ya pili ikaja, yenye uzito. Juu ya rafu za upande wa kulia hakukubaki kitu ila alama za vumbi, na marobota mawili yalikuwa yamefungwa kamba na kusimamishwa mlangoni kama wasafiri. Alikuwa ameshaongea na mwenye pikapu ya kwenda Handeni.

Simu ililia wakati tunakunywa chai, mvua imepungua, maji bado yanadondoka kwenye bati. Namba ngeni. "Assalaam aleikum," sauti ilisema, na nikaijua, nikasimama, sijui kwa nini, kama mtu aliyeitwa darasani.

"Waaleikum salaam. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hamjambo huko? Mvua imewafikia? Huku kwetu Handeni tunashukuru. Haya. Wewe ndiye uliyekaa pembeni yangu kwa Salma, nywele zimesimama?"

"Ndiyo, mama."

"Ukanidanganya."

"Ndiyo, mama. Naomba radhi."

"Nimesikia radhi yako. Nimesikilizishwa na watu wanne, kila mmoja anadhani ndiye wa kwanza." Shangazi alikuwa ameshusha kikombe, hanitazami, anatazama mlango. "Wa mzee Mhina wa Kwaluguru. Yupi? Mwenye mguu?"

"Huyohuyo, anayechechemea."

"Basi mama yake mdogo alizikwa na sisi hapa, nilipika mimi kwenye msiba ule. Kumbe ungeniambia tangu siku ile, ungekuwa umenipunguzia safari ya kwenda kugombana na mtu Tanga." Nikasikia akihamisha simu sikio. "Ile zambarau ipo ya watu wote wa kwangu? Mama wakubwa, mama wadogo, mashangazi, na marafiki zake bibi harusi? Wengi, mwanangu. Nisije nikaaibika."

Nilimtazama shangazi. Nilikuwa nimeishika simu mbali kidogo na sikio na alikuwa amesikia kila neno. Alikitikisa kichwa chake mara moja, polepole, kwamba ipo, na isiyokuwapo itatafutwa.

"Ipo, mama."

"Ilete mwenyewe. Wavae, tuone nani inambana. Na huyo aliyekuwa anapiga kelele nyuma yako, uje naye. Mwambie abaki mpaka harusi, watu hapa wanamsubiri."

Shangazi tayari alikuwa amesimama, magoti yameegemea robota, vidole vinahangaika na fundo la kamba. "Mwambie nafunga duka nakuja!" alipaza sauti, safari hii akijua kabisa kwamba anasikika. "Nafunga kwa ajili ya harusi tu! Ikiisha nafungua!"